Tarnier na Watoto wa Sandukuni

Wanafunzi wetu wa Biolojia hulijua jina la Pasteur, na wachache wamewahi kusikia habari za Semmelweis wa Vienna. Jina la Stéphane Tarnier hawalijui, ijapokuwa miongoni mwa matabibu wa uzazi ni mtu mashuhuri, na mnara wa kumkumbuka umesimama jijini Paris tangu mwaka 1905. Mimi naona ni haki wafundishwe habari zake.

Tarnier alizaliwa mwaka 1828 katika kijiji cha Aiserey, Ufaransa, na babake alikuwa daktari wa mashambani. Utoto wake usituchelewesha. Mwaka 1856, akiwa daktari mwanagenzi, alipelekwa Maternité, hospitali ya wazazi maskini mjini Paris, akakuta wanawake wakifa kwa homa ya uzazi. Wakubwa wengi waliilaumu hewa. Kijana huyu alikwenda kwenye madaftari. Hospitalini, katika kila wazazi 19, mmoja alikuwa amekufa kwa homa hiyo. Katika mitaa iliyoizunguka hospitali hiyo hiyo, alikufa mmoja katika 322. Mwanafunzi na agawe mwenyewe aone. Maana ya hesabu hiyo ilikuwa chungu: maradhi yalitoka katika nyumba ya tiba yenyewe, yakipitishwa kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya 1857, wakati Pasteur hajawashawishi matabibu juu ya viini.

Alipofanywa mkuu wa hospitali hiyo mwaka 1867, aliwatenga wagonjwa na wazima. Jengo lililofunguliwa mwaka 1876 kwa mpango wake lilimpa kila mzazi chumba chake. Baadaye akaingiza dawa za kuulia viini, asidi ya kaboliki ikiwa mojawapo.

Ndipo akawageukia watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Katika bustani ya wanyama ya Paris aliona mashine ya kuangulia vifaranga, akamwomba fundi wake, Odile Martin, atengeneze ya watoto. Kufikia mwaka 1881 ilikuwa ikitumika: sanduku la mbao lililopashwa joto kwa maji ya moto chini yake. Kabla yake, katika watoto wenye uzito usiofika kilo 2, walikufa 66 katika kila 100. Baada yake walikufa 38.

Hapa ndipo penye fumbo. Sanduku la kwanza liliwachukua watoto kadhaa kwa pamoja! Mtu aliyetumia miaka mingi kuwatenga mama zao sasa aliwalaza watoto bega kwa bega, kwani baridi ndiyo iliyokuwa adui wa karibu zaidi. Masanduku yaliyofuata yalimchukua mtoto mmoja mmoja.

Fumbo hilo bado linatukabili hapa Kenya. Mtoto wa namna hii ana ngozi nyembamba, tena hakukaa tumboni hadi zile wiki za mwisho ambamo mama humpitishia kinga yake. Twamtia sindano mshipani ili aishi, na tundu hilo hilo laweza kuwa mlango wa bakteria kuingia damuni. Yule aitwaye Klebsiella ametia fora katika wodi zetu, na dawa nyingi hazimwezi tena. Watoto wawili au watatu wakilazwa katika inkubeta moja, na muuguzi mmoja akiwahudumia wengi, mikono yake hupata wapi nafasi ya kuoshwa kila mara? Simlaumu muuguzi, nawalaumu wanaopanga bajeti. Huko Bogotá, mwaka 1978, msongamano kama huo ndio uliowafanya madaktari wawafunge watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa njia hiyo ikianzwa mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo na maambukizi pia.

Tarnier aliiona shida hiyo ikirudi katika hospitali yake mwenyewe. Mwaka 1893 mkunga mkuu, Madame Henry, alifungua humo wodi ya watoto dhaifu, nao wakaletwa kutoka kila pembe ya mji pamoja na maradhi yao. Mwaka 1895 mwanafunzi wake, Pierre Budin, aliishika wodi hiyo akaanza kuwatenga wagonjwa na wazima, kama mwalimu wake alivyowafanyia wazazi. Tarnier alifariki Novemba 1897.