John Howard, Aliyeingia Magerezani kwa Hiari Yake

Mtu wa nyumbani akifungwa, familia hapa North York huenda ikaelekezwa kwa John Howard Society, shirika linalohudumia wafungwa na waliotoka gerezani. Lakini Howard mwenyewe alikuwa nani?

Alizaliwa Uingereza mwaka 1726. Mwaka 1756, akisafiri kwenda Ureno, meli yake ilitekwa na Wafaransa, naye akaonja kifungo: njaa, kiu, na kulala juu ya nyasi kavu. Alipoachiliwa alirudi kwenye mashamba yake.

Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa sherifu wa Bedfordshire. Wengine wenye cheo hicho waliwaachia wasaidizi habari za magereza. Yeye aliingia mwenyewe. Alikuta watu walioonekana hawana hatia wakiwa bado ndani, kwa kukosa ada ya kumlipa mlinzi wa gereza, ambaye hakuwa na mshahara. Alikuta pia taifasi, homa ya magereza, ambayo kwa hesabu yake iliua wengi kuliko kitanzi.

Ndipo akaanza utafiti. Alipanda farasi gereza hadi gereza, akipima vyumba, akihesabu wafungwa, akiandika kama kuna maji, hewa na mkate. Daftari lake lilinuka hata ikabidi aliweke karibu na moto kabla ya kulitumia. Mwaka 1774 alitoa ushahidi bungeni, na mwaka huohuo sheria mbili zikapita: asiye na hatia asitozwe ada, kuta zipakwe chokaa, wagonjwa wawe na vyumba vyao, na daktari awekwe. Magereza mengi yalizipuuza. Howard hakuchoka. Alichapisha kitabu mwaka 1777, akazunguka Ulaya hadi Urusi.

Hakujua kwamba taifasi huenezwa na chawa. Hilo liligunduliwa Tunis mwaka 1909. Alichojua ni kwamba uchafu na msongamano si sehemu ya hukumu, na kwamba homa ya gerezani haibaki gerezani. Alifariki Januari 1790 huko Kherson, katika Ukraine ya leo, kwa homa inayosemekana aliipata akimhudumia mgonjwa.

Mfungwa hawezi kutoka kwenda kumtafuta daktari. Katika Mathayo 25, Bwana wetu alimtaja mgonjwa na mfungwa pamoja. Kama una ndugu aliye ndani na aibu imekuzuia, nenda umwone. Muulize kama analala, anakula, na dawa zake anazipata.