Ibn Sina na Kondoo Aliyemwona Mbwamwitu



Muhula uliopita nilikaribia kuvunja udugu kwa sababu ya uso. Nilikuwa nimefeli mtihani, nikamkuta rafiki yangu msikitini amekunja uso. Mimi nikaona dharau. Siku mbili nikamkwepa. Kumbe alikuwa amepata habari za msiba wa kwao. Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Ibn Sina.

Abu Ali ibn Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka 10. Akiwa kijana alishiriki kumtibu amiri Nuh ibn Mansur, akaruhusiwa kusoma katika maktaba yake. Baadaye alipitia safari, uwaziri na hata kifungo, lakini kalamu hakuiweka chini. Aliandika al-Qanun, kitabu cha tiba, na al-Shifa, cha falsafa na elimu ya maumbile.

Katika al-Shifa alimtazama kondoo anayemkimbia mbwamwitu. Macho humpa rangi na umbo tu, na uadui hauna rangi. Basi anaujuaje? Ibn Sina alisema ipo nguvu ya ndani, wahm, akaiweka mwishoni mwa tundu la kati la ubongo. Alionyesha pia kwamba nguvu hiyo hukosea: mtu huweza kuichukia asali kwa kuwa tu imefanana na nyongo.

Leo tunasoma kuhusu amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, moja kila upande wa ubongo. Si pale alipopataja Ibn Sina, ila swali ni lile lile. Wagonjwa walioharibika amigdala zote mbili wameonekana kushindwa kutambua hofu katika nyuso za watu. Naye mwenye wasiwasi huelekea kuona tishio katika uso usiosema lolote. Ndivyo nilivyokuwa mimi: hofu ya mtihani ilimsoma rafiki yangu kabla yangu.

Ibn Sina alifariki Hamadan mwaka 1037, na kaburi lake liko huko.

Nilimwomba rafiki yangu msamaha, akanisamehe. Ndugu yangu, ukiona uso umekunjwa, tanguliza dhana njema, kisha uliza. Huenda unachokiita nyongo ni asali.

Wabillahi tawfiq.