Bela Lugosi: Mtu Aliyemezwa na Joho Lake

Vijana wa hapa Bura huniuliza kwa nini mwovu wa sinema huvaa nadhifu kuliko watu wema. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia maisha ya marehemu Bela Lugosi.

Mwigizaji huyo mashuhuri alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1882, katika mji wa Lugos, uliokuwa Hungaria zamani hizo na ambao sasa umo Rumania. Kwao aliwahi kuwa Romeo jukwaani. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919, kwa kuwa alijishughulisha na chama cha waigizaji, ilimbidi kuikimbia nchi serikali ya mapinduzi ilipoanguka. Akafika Marekani, Kiingereza kikimpiga chenga.

Mwaka 1927, mjini New York, alipewa kuigiza Dracula: mwinyi wa kasri kuu, mwenye adabu na maneno laini, ambaye huwanyonya watu damu. Wazee wa Pwani wangemwita mumiani.

Kampuni ya Universal ilipoufanya mchezo huo kuwa filamu ya kusema, ilimlipa Lugosi dola 3,500 tu. Sinema za sauti zilikuwa changa mno, hata ikatolewa nakala isiyo na sauti kwa majumba yasiyokuwa na vyombo. Filamu ilifunguliwa katika jumba la Roxy tarehe 12 Februari, 1931, siku mbili kabla ya sikukuu ya wapendanao. Matangazo yaliisifu kuwa ni kisa cha mapenzi ya ajabu, na magazeti yakaeneza habari za watazamaji kuzimia. Watu wakamiminika.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maoni yangu, werevu wa watangazaji wale ulikuwa kumtembeza mwovu katika mavazi ya muungwana. Walakini walimuuza mtu pamoja na zimwi lake. Kampuni ilivuna, lakini Lugosi, Romeo wa jana, tangu hapo aliitwa zaidi kwenda kutisha watu. Maumivu ya mwili yakamtia katika utumwa wa mofini, na mwaka 1955 akajipeleka mwenyewe hospitali kutibiwa.

Alifariki tarehe 16 Agosti, 1956, akazikwa amevishwa joho la Dracula. Ndugu msomaji, ukiona tangazo la sinema ukutani, mkumbuke pia binadamu aliye ndani ya vazi.