Wasifu wa Kivoi wa Mwendwa

Mwanafunzi, unaposoma mighani usidhani kila shujaa alikuwa mfalme. Akamba hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee katika nzama. Hata hivyo, katikati ya karne ya 19 alikuwako Kitui mtu mmoja ambaye jina lake lilijulikana hadi Mombasa. Huyo ni Kivoi wa Mwendwa.

Ukubwa wake ulitokana na biashara. Misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kuvuka nyika ile kavu kulihitaji kiongozi anayejua maji yako wapi na apatane na nani njiani.

Ndiye aliyemsimulia Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani wa Rabai, habari za mlima mweupe. Mwaka 1849 Krapf alipitia Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, akafika kwa Kivoi, na tarehe 3 Desemba akauona mlima huo akiwa Ukambani. Jina alilolisikia huko ndilo lililozaa jina la nchi yetu. (Vitabu vingi husema Krapf aliugundua mlima. Aliyempa habari zake alikuwa ameshauona.)

Krapf alirudi mwaka 1851 akitaka kufika mto Tana. Kivoi akakubali kumpeleka. Mwezi wa Agosti, wakiwa karibu na mto, wanyang'anyi waliwavamia. Wengi katika msafara walitawanyika, na Kivoi akauawa pamoja na wachache waliobaki naye. Krapf alikimbilia porini peke yake. Kiu ilipomzidi alifuata miti ya ukingoni hadi mtoni, akanywa, kisha kwa kukosa chombo akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi.

Zingatia kwamba karibu yote yaliyoandikwa kuhusu kifo hicho yametoka kwa huyo aliyenusurika. Jamaa za Kivoi walikuwa na kauli yao. Krapf alipojikokota hadi kijijini, walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao: rafiki wa kweli angekufa naye, au angalau angemtetea. Uhai wake ukawa hatarini, akatoroka usiku.