Gunpei Yokoi: Fundi wa kiwandani aliyeleta 'msalaba' kwenye pedi ya gemu

Ingia kibanda cha gemu Mwanga au Ujiji, mkoani Kigoma, shika pedi. Kidole gumba cha kushoto kinakutana na vitufe vya juu, chini, kushoto na kulia. Mpangilio huo una mwenyewe: Gunpei Yokoi, Mjapani aliyefariki 1997.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Septemba 10, 1941, akasomea umeme Chuo Kikuu cha Doshisha. Mwaka 1965 aliajiriwa Nintendo, enzi hizo kampuni ya karata, kama fundi wa mashine za kiwandani. Muda wa ziada ulikuwepo, akajitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kushika vitu. Bosi, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumfokea, akamwambia autengeneze uuzwe. Ultra Hand ikatoka 1966, zikauzwa zaidi ya milioni moja.

Mwaka 1980 akaja na Game & Watch, gemu za mfukoni zenye kioo kama cha kikokotoo. Kazi ngumu ilikuja 1982, ilipotakiwa kuingizwa Donkey Kong. Humo mchezaji anakimbia, anapanda ngazi, anaruka. Kwenye mashine kubwa za gemu kulikuwa na kijiti cha kusukuma kwa mkono, lakini kifaa hiki kilikuwa cha kukunja. Kijiti kingezuia kisifunge.

Yokoi akaweka kipande kimoja cha plastiki chenye umbo la msalaba. Chini yake, katikati, kuna kinundu, hivyo kinabembea: ukibonyeza upande huu, ule wa pili unainuka. Huwezi kwenda juu na chini kwa mpigo, na kidole kinajua kilipo bila macho kutoka kwenye kioo. Kitu kidogo tu, ila ndiyo akili yenyewe.

Famicom ya 1983 ikauchukua msalaba huo, na Nintendo wakausajili kwa hataza. PlayStation ya 1994 ilikuja na vitufe vinne vinavyoonekana vimeachana, lakini kazi ni ileile.

Game Boy ya 1989 nayo ni ya timu yake. Haikuwa na rangi, na ilitumia betri nne ndogo. Washindani walikuwa na rangi, ila walimaliza betri haraka. Yokoi aliamini teknolojia ya bei rahisi iliyozoeleka. Pamoja na toleo la rangi, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Kisha ikaja Virtual Boy, 1995. Picha nyekundu tupu, watu wakalalamika macho na kichwa, na sokoni haikumaliza hata mwaka. Agosti 1996 Yokoi aliondoka Nintendo, baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake, Koto.

Oktoba 4, 1997, gari alilokuwemo lilipata ajali ndogo kwenye barabara kuu mkoani Ishikawa. Aliposhuka, akagongwa na gari jingine. Alikuwa na miaka 56.

WonderSwan, kifaa alichokuwa anakibuni na Bandai, kilitoka 1999. Moja ya gemu zake za mwanzo ilipewa jina Gunpey.