Sheikh Abdallah BaKathir: Mwalimu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi Mpya



Kila mwaka baadhi ya vijana wetu wa Temeke, Tandika, Mbagala, Magomeni na Mwananyamala humaliza kidato cha sita na kujiunga na vyuo vikuu. Wengine huenda Mlimani, wengine Dodoma, wengine Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza kufundisha mwaka 2005. Wazazi huhangaika na ada, godoro, ndoo na nauli. Hayo ni mahitaji ya kweli. Lakini wiki za kwanza chuoni huwa na mtihani mwingine ambao haununuliwi dukani. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani anajikuta ni mmoja kati ya mamia, hajui wa kumuuliza, naye anaona haya kuonekana hajui. Wapo wanaoanza kupotea katika wiki hizo hizo, hali wana akili nzuri tu. Kwa ajili yao tumeona tueleze maisha ya mwanachuoni mmoja wa pwani yetu ambaye alianza upya zaidi ya mara moja.

Sheikh Abdallah bin Muhammad BaKathir alizaliwa Lamu karibu mwaka 1860, katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut. Zama hizo neno chuo kwa watu wa pwani lilikuwa na maana ya mahali mtoto anaposomea Qur'ani. Alipotoka chuoni, alisoma fiqhi na lugha ya Kiarabu kwa masheikh wa Lamu, ambayo ilikuwa mji wa elimu. Angeweza kubaki hapo hapo na kuheshimiwa na watu wake.

Hakubaki. Alikwenda Makka kutafuta elimu zaidi, na huko akawa mgeni miongoni mwa wanafunzi waliotoka Java, Bara Hindi na Afrika. Baadaye akafanya maskani yake Unguja, mji uliojaa wanavyuoni kuliko Lamu. Huko alikutana na Habib Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, mzaliwa wa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Habib Ahmad aliwahi kuwa nahodha wa jahazi, akasoma Hadhramaut, akafika Istanbul na Misri, kisha akarejea Unguja mwaka 1888 na kushika ukadhi.

Tuangalie jambo hili vizuri. Watu hawa wawili walikuwa wa rika moja. Sheikh Abdallah naye alikuwa msomi wa Makka. Ingekuwa rahisi kwake kumwona mwenziwe kama mshindani. Yeye alimchukua kuwa mwalimu wake, akakaa mbele yake kwa adabu, na uhusiano huo ukadumu mpaka mwisho wa uhai wao.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa karibu miaka 37 na yeye mwenyewe akiwa anafundisha, alifunga safari ya Hadhramaut kwa kuhimizwa na Habib Ahmad. Safari hiyo ilikuwa ya bahari hadi pwani ya Arabuni, kisha siku nyingi za msafara bondeni. Huko kulikuwa na miji ya Shibam, Seiyun na Tarim. Seiyun na Tarim zilikuwa na ribati, yaani vyuo ambavyo wanafunzi kutoka nchi za mbali walikaa na kusoma pamoja, kama wanavyokaa leo katika mabweni ya vyuo vikuu.

Mwalimu wa Unguja alifika huko kama mwanafunzi. Hakuwa na cheo chochote cha kuonyesha. Alichokuwa nacho ni jina la mwalimu wake, ambaye masheikh wa huko walimfahamu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatafuta watu wa elimu, mmoja baada ya mmoja, kukaa katika darasa zao, kusoma mbele yao na kuomba ijaza. Miongoni mwao alikuwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun. Mambo ya safari hiyo aliyaandika katika kitabu cha Kiarabu, na kwa sababu hiyo tunaijua hadi leo.

Aliporudi, elimu haikuishia kwake. Alifundisha nyumbani kwake Ukutani, Unguja, na madrasa yake ikavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani na visiwa. Karibu na mwaka 1914 alikwenda hadi Cape Town, Afrika Kusini, kuwasaidia Waislamu wa huko katika mzozo wao juu ya swala ya Ijumaa. Alifariki mwaka 1925, na Habib Ahmad akafariki mwaka huo huo. Madrasa iliendelezwa na mwanawe, Sheikh Abubakar. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika habari za wanavyuoni hawa kwa Kiswahili ili tusiwasahau.

Kwa hiyo, ewe kijana wetu, wa kiume au wa kike, unapofika chuo kikuu usione haya kuwa mpya. Sheikh Abdallah alikuwa mpya Makka, Unguja na Hadhramaut. Wiki ya kwanza mtafute mwalimu wa kumuuliza, ufike msikitini, uijue jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na uwachague wenzako kabla hujachaguliwa na wengine. Usipoelewa somo, uliza mapema. Usingoje matokeo ya mtihani yakuumbue.

Nanyi wazazi, baada ya kununua godoro, mpeni mtoto jina la mtu mwema anayemfahamu huko aendako, naye mumpigie simu. Jina la mwalimu mmoja lilimfungulia Sheikh Abdallah milango ya miji mitatu.

Allah (s.w.) awarehemu wanavyuoni wetu, awafanyie wepesi vijana wetu huko ugenini, na awarejeshe kwetu wakiwa na elimu yenye manufaa. Amin.