Francis Meilland: Mkulima aliyetaka waridi liwe na mwenyewe kisheria

Watu wengi wakinunua mche wa waridi hawawazi habari za wazazi wake. Kumbe waridi la bustanini lina ukoo kama ng'ombe wa maziwa, na Mfaransa Francis Meilland ni mmoja wa waliofanya ukoo huo uwe na thamani ya pesa.

Alizaliwa mwaka 1912 karibu na mji wa Lyon. Babu yake mzaa mama alikuwa fundi cherehani aliyeacha nguo akaingia kwenye maua, na wazazi wake nao walilima waridi.

Shida ya kazi hiyo ilikuwa moja. Kupata aina mpya ni kazi ya miaka: unachukua chavua ya ua hili, unaipaka kwenye ua lile, unapanda mbegu, unasubiri, kisha miche mingi unaitupa. Ukipata mmoja mzuri, jirani anakata jicho moja tu la tawi, analibebesha kwenye shina lake, basi naye anauza. Wewe uliyehangaika huambulii hata senti.

Mwaka 1935 Meilland alikwenda Marekani. Huko, sheria ya mwaka 1930 ilikuwa inatoa hataza kwa mimea, yaani hati ya kulinda haki ya aliyezalisha aina mpya. Hataza namba 1 ilipewa waridi liitwalo New Dawn, mwaka 1931. Mwombaji huueleza mmea wake na mara nyingi huwataja wazazi wake, ndiyo maana leo mtu anaweza kufuata ukoo wa waridi kwa kupekua hati hizo.

Mwaka huohuo wa 1935 alichavusha ua lililozaa mche namba 3-35-40. Ua lake ni kubwa, la njano, lenye kingo za pinki. Kwenye ukoo wake wamo Joanna Hill na Margaret McGredy, waridi wote hao, si watu!

Vikonyo vyake vilitumwa Ujerumani, Italia na Marekani, kisha vita vikakata mawasiliano. Kila nchi ikalipa jina lake. Ufaransa likawa Mme A. Meilland, kwa heshima ya mama yake Francis aliyekuwa ameshafariki. Ujerumani Gloria Dei, Italia Gioia. Marekani, mfanyabiashara Robert Pyle alilizindua mwaka 1945 kwa jina la Peace, yaani Amani, likiwa na hataza namba 591.

Pesa za Marekani zikaanza kuingia. Ila Ulaya hapakuwa na ulinzi kama huo, na Meilland akatumia miaka yake iliyobaki kuupigania. Hakuumaliza. Saratani ilimuua mwaka 1958, akiwa na miaka 46 tu. Mkewe Louisette na mwanawe Alain wakaendeleza kazi.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1961, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ulisainiwa Paris. Kenya ilijiunga mwaka 1999. Leo shamba la Naivasha likilima waridi lenye ulinzi, linamlipa mrabaha aliyelizalisha.

Peace nalo limeacha uzao mkubwa. Garden Party la mwaka 1959 ni mtoto wake, na Double Delight la mwaka 1977, lile la rangi mbili, ni mjukuu.